Nani Anashika Ufunguo wa Runinga? Kariakoo, King'amuzi na Kuzimwa kwa Analojia

Saa sita usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2013, mitambo ya analojia ya televisheni ilizimwa jijini Dar es Salaam. Nyumba iliyokuwa na king'amuzi iliendelea kutazama. Nyumba isiyokuwa nacho ilibakiwa na kioo kilichojaa chenga. Sensa iliyofanyika Agosti 2012 ilikuwa imehesabu watu 4,364,541 mkoani humo. Baada ya Dar es Salaam zikafuata Dodoma na Tanga mwishoni mwa Januari, Mwanza mwishoni mwa Februari, Arusha na Moshi mwishoni mwa Machi, na Mbeya mwishoni mwa Aprili 2013. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikuwa zimekubaliana kuzima analojia ifikapo 31 Desemba 2012. Tanzania ndiyo iliyoanza kuitekeleza ahadi hiyo kwa tarehe iliyopangwa.

Tukio hili limezoeleka kusimuliwa kwa namna mbili. Wako wanaolisimulia kama ushindi wa kitaalamu: nchi maskini imewatangulia majirani zake. Na wako wanaolisimulia kama adha: mwananchi ameamka siku ya Mwaka Mpya na kukuta chombo alichokinunua kwa jasho lake hakina kazi. Simulizi zote mbili zina ukweli wake. Lakini zote mbili zinaliruka swali moja dogo la kiufundi ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye uzito mkubwa zaidi wa kisiasa: kipokezi cha mawimbi kikae wapi? Kikae ndani ya runinga, kikiwa mali ya mtazamaji, au kikae katika kisanduku cha pembeni kinachouzwa na kampuni ile ile inayorusha matangazo? Swali hili laonekana la mafundi. Ukilifuatilia kwa miaka kadhaa utaona kuwa ni swali la nani anashika ufunguo wa mlango wa habari.

Tuanze na yaliyotangulia. Redio ilipoenea katika nchi hii, kipokezi kilikuwa ndani ya redio yenyewe. Aliyenunua redio, iwe ya kutoka ng'ambo au iliyotengenezwa katika kiwanda cha Matsushita cha hapa Dar es Salaam, hakuwa na mkataba wowote na kituo cha utangazaji. Alizungusha kitufe akapata Redio Tanzania. Akizungusha tena akapata Nairobi, au London, au Redio ya Ujerumani. Serikali iliweza kuamua kituo chake kitangaze nini, lakini haikuwa na uwezo wa kuingia ndani ya redio ya mtu na kuifunga. Ufunguo ulikuwa mikononi mwa msikilizaji.

Televisheni ilirithi utaratibu huo huo. Zanzibar ilianzisha televisheni yake mwaka 1973, tena ya rangi, wakati Bara ilikuwa bado imeamua kwamba anasa hiyo haistahili nchi inayojenga ujamaa. Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza, ITV kikiwa miongoni mwavyo. Televisheni ya taifa ilikuja baada ya hapo. Kwa miaka kumi na minane hivi, kutoka 1994 hadi 2012, mkazi wa Ilala, Gerezani au Magomeni alihitaji vitu viwili tu: runinga na antena. Picha ikiwa mbaya, kijana mmoja alipanda juu ya bati akaizungusha antena huku mwenzake akipiga kelele kutoka ndani: "Hapo hapo! Rudisha kidogo!" Katika nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita na wapangaji sita, runinga moja ya mwenye nyumba ilitosha ukumbi mzima. Hakuna aliyewahi kuulizwa kama amelipia.

Kwa nini basi utaratibu huo ukabadilishwa? Sababu ya msingi ni uhaba wa masafa. Katika analojia, mkondo mmoja wa masafa hubeba kituo kimoja tu. Katika dijitali, picha na sauti hugeuzwa kuwa tarakimu na kubanwa, hata mkondo ule ule ukabeba vituo zaidi ya kumi. Mwaka 2006 nchi za Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia zilikutana Geneva chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, zikakubaliana kuwa baada ya 17 Juni 2015 mitambo ya analojia katika masafa ya UHF isingelindwa tena dhidi ya mwingiliano wa mawimbi kutoka nchi jirani. Nchi ambayo ingechelewa haingepigwa faini. Ingebaki tu na picha chafu bila pa kushtakia.

Tanzania ililichukua jambo hili mapema. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, pamoja na kanuni zake za 2011, ziliigawa kazi ya utangazaji mara mbili. Mtayarishaji wa vipindi akawa na leseni yake, na mwenye mitambo ya kurushia akawa na leseni yake. ITV, Channel Ten au Star TV, vilivyokuwa na minara yao, vikawa wapeleka mzigo. Mwenye lori akawa mwingine. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Profesa John Nkoma, ilitoa leseni tatu za wenye malori hayo. Ya kwanza ilikwenda kwa Star Media, ubia kati ya shirika la umma la TBC na kampuni ya StarTimes ya China, ambamo TBC ilikuwa na asilimia 35. Ya pili ilikwenda kwa Agape Associates, iliyojulikana sokoni kwa jina la Ting. Ya tatu ilikwenda kwa Basic Transmissions, iliyouza huduma yake kwa jina la Digitek.

Hapo ndipo neno "king'amuzi" lilipoingia katika kinywa cha kila Mtanzania. Ni neno zuri. Kung'amua ni kutambua kilichojificha, kupambanua maana ya jambo lisilo wazi. Chombo hiki kinapokea mkondo wa tarakimu, kinaupambanua, kisha kinaipa runinga ya zamani picha inayoweza kuielewa. Ila neno hili lilibeba maana mbili kwa mpigo, na mkanganyiko wake uliwagharimu watu. Kazi ya kwanza ya king'amuzi ni kutafsiri tarakimu kuwa picha. Hiyo ni kazi ya ufundi mtupu. Kazi ya pili ni kufungua matangazo yaliyofungwa kwa msimbo, kwa kadi na kwa malipo. Hiyo ni kazi ya biashara. Chombo kinaweza kufanya ya kwanza bila ya pili. Lakini kwa kuwa zote mbili zilikaa katika kisanduku kimoja chenye nembo ya kampuni, mwananchi aliamini kuwa dijitali maana yake ni kulipia kila mwezi.

Ili kuelewa kwa nini kisanduku kilishinda, inatubidi tuingie Kariakoo. Eneo hili, ambalo jina lake lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na ambalo soko lake kuu lilibuniwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970, ndilo ghala la vyombo vya nyumbani vya nchi nzima. Kutoka maduka ya mitaa ya Uhuru, Msimbazi na Aggrey, mizigo hupakiwa kwenda Songea, Kigoma na Bukoba, na hata kuvuka mpaka kwenda Kongo, Zambia na Malawi. Anachouza mfanyabiashara wa Kariakoo leo ndicho kitakachokuwa sebuleni mwa Mtanzania kwa miaka kumi ijayo.

Mwaka 2012 sebule nyingi zilikuwa na runinga za chogo, zile nzito zenye mgongo uliotokeza nyuma. Baadhi zilinunuliwa mpya, nyingine ni mitumba kutoka Ulaya na Uarabuni. Chogo hazifi upesi. Zikiharibika, fundi wa kibarazani huzifungua, akabadilisha kifaa kimoja, zikaishi miaka mitano mingine. Ndani yake mlikuwa na kipokezi cha analojia peke yake. Kumwambia mwenye chogo anunue runinga mpya yenye kipokezi cha dijitali ndani kungekuwa sawa na kumwambia abomoe nyumba kwa sababu kitasa kimebadilishwa. Kwa mtu huyo king'amuzi kilikuwa ukombozi wa kweli. Kiligharimu sehemu ndogo tu ya bei ya runinga mpya, na kiliiokoa runinga yake isitupwe jalalani. Mjadala wowote wa haki lazima ukiri jambo hili kwanza: kwa Dar es Salaam ya 2012, kisanduku cha pembeni kilikuwa suluhisho la wanyonge zaidi kuliko kipokezi cha ndani.

Kipokezi cha ndani nacho kilikuwa na mtego wake. Runinga bapa zilipoanza kushuka bei, wauzaji walizinadi kwa maneno matamu: "Hii ina king'amuzi ndani, mzee, huhitaji kununua kingine." Ilikuwa kweli kwamba ndani mlikuwa na kipokezi cha dijitali, swali ni dijitali ya wapi. Dunia haikukubaliana juu ya mfumo mmoja. Ulaya ilibuni DVB-T mwaka 1997, kisha DVB-T2 mwaka 2009. Marekani ina ATSC. Japani ina ISDB-T, ambao Brazili iliufuata na Botswana nayo ikauchukua. China ina DTMB. Ukanda wetu uliamua kufuata DVB-T2 na ubanaji wa picha wa MPEG-4. Kipokezi cha DVB-T2 huweza kusoma DVB-T ya zamani, lakini cha DVB-T hakiwezi kusoma DVB-T2. Kwa hiyo runinga iliyotengenezwa kwa soko la China, au mtumba uliotoka Ulaya kabla ya mabadiliko hayo, ingeweza kuandikwa "dijitali" kwa haki kabisa, na bado isipate hata chaneli moja hapa. Mnunuzi hakuwa na namna ya kujua. Herufi nne na tarakimu moja zilizochapwa ubavuni mwa boksi, kwa lugha asiyoisoma, ndizo zilizoamua kama amenunua runinga au kioo.

Hata runinga yenye DVB-T2 sahihi ilikuwa na kikomo. Kipokezi cha ndani husoma matangazo yasiyofungwa kwa msimbo. Mwenye mitambo akiamua kuyafunga matangazo yake yote, zikiwemo chaneli za kitaifa, kipokezi cha ndani kitaona kuwa mawimbi yapo lakini hakitaona picha. Atakayeweza kuyafungua ni mwenye kisanduku na kadi ya kampuni ile. Hapa ndipo maswali ya ufundi yanapogeuka kuwa maswali ya madaraka. Ubora wa kipokezi chako hauna maana iwapo mwenye mitambo anaweza kukifanya kipofu kwa uamuzi wa ofisini kwake.

Serikali haikulisahau jambo hili. Masharti yalitaka chaneli tano za kitaifa, yaani TBC1, ITV, Star TV, EATV na Channel Ten, zionekane bila malipo ya mwezi, hata mteja akiishiwa na kifurushi. Sharti hilo ni la heshima, na linaendana na Ibara ya 18 ya Katiba yetu, inayompa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Lakini tazama namna haki hiyo ilivyowekwa. Haikuwekwa katika chombo cha mtazamaji, bali katika ahadi ya kampuni kwamba haitafunga. Haki iliyo ndani ya chombo changu haihitaji mkaguzi. Haki iliyo ndani ya ahadi ya mwingine inahitaji mkaguzi kila siku. Malalamiko ya wateja waliodai kuwa picha zilipotea mara kifurushi kilipokwisha yalisikika kwa miaka.

Tena kila kampuni ilikuwa na kisanduku chake. Aliyenunua cha huyu hakuweza kukitumia kwa yule. Akihama, kisanduku cha kwanza kiligeuka kuwa kizuizi cha mlango au kiota cha vumbi juu ya kabati. Zilikuwepo nyumba zenye ving'amuzi viwili au vitatu vimepangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na rimoti yake, kwa ajili ya runinga moja. Wakati wa antena, vituo vilishindana kumvutia mtazamaji kwa vipindi. Wakati wa kisanduku kilichofungwa, kampuni zilishindana kumfunga mtazamaji kwa chombo. Na yule asiyeweza kufungwa na yeyote, kwa kuwa hana fedha, alirudi kwenye kibanda umiza, akalipia kiti cha benchi kutazama mpira.

Wenye vituo walihisi maumivu haraka. Mapema mwaka 2013 wamiliki wa vyombo vya habari, kupitia chama chao MOAT kilichoongozwa na Reginald Mengi, walilalamika kuwa watazamaji wamepungua na matangazo ya biashara yamepungua nao, wakaomba analojia na dijitali ziende pamoja kwa muda. Wizara iliyokuwa chini ya Makame Mbarawa na TCRA hazikurudi nyuma. Miaka mitano baadaye, mwaka 2018, mvutano ukajitokeza kwa sura nyingine: TCRA iliziamuru kampuni za televisheni ya kulipia kwa njia ya satelaiti, zikiwemo Azam, DStv na Zuku, ziondoe chaneli za kitaifa zisizolipiwa, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuziruhusu kuzibeba. Kisheria hoja ilikuwa na mantiki yake. Sebuleni, maana yake ilikuwa kwamba familia iliyokuwa na dishi iliamka bila ITV, ikaambiwa inunue kisanduku kingine. Katika mvutano ule kampuni zilikuwa na mawakili na Mamlaka ilikuwa na kanuni. Mtazamaji hakuwa na hata kiti cha mezani.

Je, mambo yangeweza kwenda vingine? Historia ya wengine inasema ndiyo. Marekani ilikutana na swali la kipokezi mapema sana. Katika miaka ya 1950 vituo vipya vya UHF vilikufa njaa kwa sababu runinga zilizouzwa hazikuwa na kipokezi cha masafa hayo. Mwaka 1962 Bunge lao likatunga sheria ya kuwalazimisha watengenezaji waweke kipokezi cha masafa yote. Dijitali ilipokuja, walifuata njia ile ile: mwaka 2002 waliamuru kipokezi cha dijitali kiwekwe ndani ya runinga kwa awamu, wakianza na kubwa, hadi Machi 2007 kila runinga mpya ilipotakiwa kuwa nacho. Kwa wenye runinga za zamani, serikali iligawa kuponi za dola 40, mbili kwa kila nyumba, za kununulia kisanduku cha kutafsiri tu, kisicho na masuala ya kulipia. Kuponi zilipoishiwa fedha mwanzoni mwa 2009, tarehe ya kuzima ilisogezwa kutoka Februari hadi 12 Juni. Nchi tajiri kuliko zote iliona heri ichelewe miezi minne kuliko kuzima huku maskini wake hawajapata kisanduku.

Uingereza ilianza kwa kosa linalofanana na letu. Kampuni ya ITV Digital iliuza televisheni ya dijitali kwa kisanduku cha kulipia. Mwaka 2002 ikafilisika. Mahali pake pakaja Freeview, Oktoba mwaka huo huo: matangazo yasiyofungwa, kwa kiwango kilicho wazi, ambayo mtengenezaji yeyote aliweza kuyatengenezea kisanduku au runinga. Kisanduku kikawa bidhaa ya kawaida kama pasi au birika. Bei zikashuka kwa ushindani wa maduka. Waingereza walipomaliza kuzima analojia mwishoni mwa 2012, miezi michache tu kabla ya Mbeya yetu, swali la kisanduku au kipokezi cha ndani lilikuwa limepoteza makali yake, kwa sababu vyote viwili vilisoma matangazo yale yale bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kenya, jirani yetu, ilichukua njia ya mahakama. Shirikisho la watetezi wa walaji, COFEK, lilikwenda mahakamani mwishoni mwa 2012 na uzimaji wa Nairobi ukasimamishwa. Wenye vituo nao wakapambana hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu Septemba 2014. Februari 2015 mitambo ya Citizen, NTV na KTN ilizimwa, na vituo hivyo vikakaa gizani kwa karibu wiki tatu. Wapo wanaoicheka Kenya kwa kuchelewa miaka miwili. Lakini katika miaka hiyo miwili maswali ya nani amiliki mitambo na nani alinde mlaji yaliulizwa hadharani, mbele ya majaji. Sisi tulifika mapema, na maswali hayo tukayaacha njiani.

Lipo na suala la fedha, ambalo wanafunzi wa sera za umma wanapaswa kulitazama kwa makini. Faida kubwa ya kuzima analojia haikuwa wingi wa chaneli. Ilikuwa masafa yaliyoachwa wazi, hasa ya megahezi 700, yanayosafiri mbali na kupenya kuta, na ambayo kampuni za simu huyatamani kwa intaneti ya kasi. Marekani iliyanadi mwaka 2008 ikapata dola zipatazo bilioni 19, na sheria ilikuwa imeelekeza kuwa kuponi za wananchi zitoke katika mapato hayo. Sisi TCRA iliyapiga mnada masafa ya 700 mwaka 2018, na Vodacom ikawa miongoni mwa walioshinda. Masafa yale yaliachwa wazi kwa sababu mamilioni ya Watanzania walikubali, au walilazimika, kununua ving'amuzi kwa fedha zao. Gharama ya kuuhamisha mzigo ililipwa na kaya. Kiwanja kilichobaki wazi kiliuzwa na dola. Sisemi kuwa fedha zile zilipotea, kwani mapato ya umma yana matumizi mengi. Nasema tu kwamba aliyelipia uhamisho hakutajwa siku ya mnada.

Ipo hoja ya kuitetea serikali, nayo inastahili kusikilizwa. Mwaka 2012 hazina haikuwa na uwezo wa kugawa kuponi kwa kaya nzima nzima. Kujenga mitambo mipya kulihitaji mtaji, na hakuna mwekezaji anayejenga mitambo bila kuona atakavyorudisha fedha zake. Kisanduku kilichofungwa ndicho kilichokuwa dhamana yake. Bila vifurushi vya kulipia, huenda Mbeya na Mwanza zingesubiri miaka mingi. Ni hoja nzito, na anayeipuuza hajawahi kukaa katika kikao cha bajeti. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini chaneli za kulipia zifungwe. Haielezi kwa nini chaneli tano za kitaifa nazo zihitaji kisanduku cha kampuni. Mwekezaji angeweza kuuza mpira na filamu kwa kadi, huku TBC1 na wenzake wakirushwa wazi kwa kiwango cha DVB-T2, ili kisanduku chochote cha Kariakoo na runinga yoyote yenye kipokezi sahihi viwapate. Mitambo ni ile ile na mawimbi ni yale yale. Tofauti ni kifungu kimoja katika masharti ya leseni, na utashi wa kukisimamia.

Kwa nini tulifukue jambo hili leo, wakati chogo nyingi zimekwenda kwa wauza vyuma chakavu na vijana wanatazama habari kwenye simu? Kwa sababu mtindo ule umejirudia na utajirudia. Juni 2016 TCRA ilizima simu zilizotambuliwa kuwa bandia, na kwa mara nyingine aliyenunua dukani kwa nia njema ndiye aliyebeba hasara. Kesho itakuwa redio ya dijitali, au runinga inayotaka intaneti na akaunti kabla haijaonyesha taarifa ya habari, au kizazi kipya cha mitambo kitakachoifanya DVB-T2 nayo kuwa chogo. Kila mara litarudi swali lile lile: uwezo wa kupokea ukae kwa nani?

Kwa watumishi wa umma wanaoandaa kanuni, historia ya Dar es Salaam inaacha mambo manne ya kuandika mezani kabla ya kuzima chochote. Kwanza, huduma ya lazima kwa taifa irushwe wazi, kwa kiwango ambacho mtengenezaji yeyote anaweza kukitengenezea chombo. Pili, kila runinga na kila kisanduku kinachoingia bandarini kibandikwe maelezo ya Kiswahili yanayosema kinapokea mfumo gani, ili mnunuzi wa Mtaa wa Aggrey asitegemee ulimi wa muuzaji. Tatu, mapato ya masafa yanayoachwa wazi yatengewe sehemu ya kuwasaidia wanaobeba gharama ya kuyaacha. Nne, mlaji awe na mwakilishi mwenye sauti siku leseni zinapoandikwa, kwa sababu siku mitambo inapozimwa huwa amekwisha chelewa. Kwa wanaharakati, kuna somo la ziada: haki ya habari haidaiwi kwa wahariri na mawaziri peke yao. Hudaiwa pia katika jedwali la viwango vya kiufundi, katika nyaraka zile ambazo wengi wetu huzifunga tukifika ukurasa wa pili.

Runinga ya analojia ilikuwa na chenga, lakini mtu aliweza kupanda juu ya bati akajitafutia picha. Ya dijitali haina chenga: ama picha ni safi, ama hakuna picha kabisa. Katika hali kama hiyo, anayeamua kama picha itakuwepo ana madaraka makubwa kuliko aliyokuwa nayo mwenye mnara wa zamani. Madaraka hayo tuliyagawa mwaka 2012 bila kuyajadili. Yanaweza bado kujadiliwa.